Swali la Uzamifu Linaloanzia Hadado

Fomu ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamifu katika utafiti wa tiba ina kurasa nyingi, lakini unaoamua ni mmoja: ule unaomtaka mwombaji aseme anataka kuchunguza nini, na kwa nini yeye ndiye anayefaa kukichunguza. Alama za shahada ya kwanza na ya uzamili, wasifu na barua za mapendekezo humsaidia msomaji kupima iwapo mtu ataimudu kazi. Ukurasa wa swali humwonyesha iwapo kazi yenyewe ipo. Hoja yangu ni kwamba kijana aliyekulia Hadado, Wajir Magharibi, au Masalani, au Elwak, kaskazini mashariki mwa Kenya, ana swali ambalo wenzake wa Nairobi na London hawana, na kwamba taasisi zinazotoa nafasi za uzamifu nchini zinapaswa kulihesabu swali hilo kuwa sifa ya kitaaluma, kama zinavyohesabu alama na makala zilizochapishwa. Simwombei kijana huyo huruma. Naomba asomwe ipasavyo.

Tuanze na mfano mmoja. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 ziligeuza mbuga za Garissa kuwa maziwa. Desemba mwaka huo zilifika taarifa za watu wapatao 170 waliofariki wilayani humo wakitokwa na damu, huku mifugo ikitupa mimba na kufa. Ilibidi sampuli za damu zisafirishwe hadi maabara za Johannesburg na Atlanta ndipo ithibitishwe kuwa ni homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliokuwa umetambuliwa humu humu Kenya, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye wataalamu walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Miaka tisa ikapita, na Desemba 2006 ugonjwa ukarudi pale pale, ukaenea hadi maeneo mengine ya Kenya na Tanzania, na ukaua zaidi ya watu 150 nchini. Safari hiyo uthibitisho ulitoka katika maabara za KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, jijini Nairobi. Kutoka Atlanta hadi Nairobi ni hatua kubwa, na ilipigwa kwa sababu kulikuwa na Wakenya waliosomea kazi hiyo hadi mwisho wake. Lakini Juni 2018, homa hiyo ilipotangazwa tena, wagonjwa wengi walitoka Wajir, na kutoka zahanati ya Wajir hadi Nairobi bado ni mamia ya kilomita.

Sehemu ya kisa hicho inayonigusa zaidi haimo katika hesabu ya vifo. Baada ya mkurupuko wa 2006 na 2007, timu ya watafiti iliketi na wafugaji wa Kisomali wa Kaskazini Mashariki ikawauliza walichokiona tangu mvua zilipoanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Marekani la tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Wafugaji walikuwa na jina la ugonjwa, sandik, linaloelezea pua kutokwa na damu. Kwa kumbukumbu zao, tangu mvua kubwa zianze hadi makundi ya mbu kutokea zilipita wastani wa siku 24 hivi, na tangu mbu watokee hadi mnyama wa kwanza kuugua zikapita siku 17 hivi. Walizitambua dalili na vyanzo vya hatari kabla huduma rasmi hazijafika. Jumlisha siku hizo uone: ni takriban siku 40, muda ambao onyo la kutochinja wanyama wagonjwa, vyandarua na daktari wa mifugo vingeweza kuwa vimeshafika kila kisima. Kwa mtu anayeandika pendekezo la utafiti, humo mna maswali ya miaka mingi. Je, muda huo ni ule ule katika kila mkurupuko? Ni aina gani ya mbu hutangulia na ipi hufuata? Katika miaka ya ukame virusi hubaki wapi, katika mayai ya mbu yaliyozikwa ardhini peke yake au pia katika mifugo inayoambukizana kimyakimya? Mtu aliyelelewa katika boma ambamo neno sandik hutamkwa mvua zinapozidi anaianza kazi mahali ambapo mgeni atafika baada ya mwaka mzima wa kutafuta mkalimani na kuzoeleka.

Na homa hiyo si peke yake. Mwaka 2012 virusi vya korona vinavyoitwa MERS vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa Saudi Arabia, na muda si mrefu ngamia wakajulikana kuwa ndio wanaovibeba. Watafiti walipopima damu ya ngamia wa Kenya iliyokusanywa kati ya 1992 na 2013, karibu ngamia watatu katika kila kumi walikuwa na kingamwili. Yaani virusi hivyo vilikuwa vikizunguka katika mifugo yetu miaka mingi kabla ya kupewa jina. Kisha ikapimwa damu ya watu 1,122 wanaoshughulika na mifugo Garissa na Tana River. Wawili tu ndio waliothibitika kuwa na kingamwili. Kwa nini virusi vinavyoua watu katika nchi za Ghuba viwapite wanaokamua ngamia kila alfajiri huku kwetu? Huenda aina ya virusi iliyoko Afrika ni dhaifu zaidi. Huenda jibu liko katika umri wa ngamia wanaoguswa, au katika maisha ya wafugaji wenyewe, au vipimo vinakosa kuona kilichopo. Maabara kubwa za dunia zinalitafuta jibu hilo, na kazi yake inaanzia zizini.

Yapo mengine. Katika Marsabit jirani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu ya watu waliopimwa wana kingamwili za brusela, ugonjwa unaopita katika maziwa mabichi na katika kuzalisha mifugo, na ambao homa yake hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria. Kati ya 2000 na 2001 wagonjwa wapatao 900 wa ugonjwa wa kalaazar waligunduliwa katika ukanda ambapo Kenya, Somalia na Ethiopia zinapakana. Nzi wadogo wa mchangani wanaoueneza hujificha katika vichuguu vya mchwa, na watoto wachungaji hupumzika kando ya vichuguu hivyo hivyo. Mwaka 2016 homa ya chikungunya iliikumba Mandera, wakahesabiwa wagonjwa zaidi ya 1,700, wahudumu wa afya wakiwa miongoni mwao.

Kama maswali ni mengi hivi, kinachokosekana ni nini? Kwa maoni yangu, shida iko katika namna tunavyoupima utayari wa mwombaji. Chukua barua ya mapendekezo. Barua yenye uzito huandikwa na profesa aliyemwona mwombaji akifanya kazi ya maabara, na kumpata profesa huyo kunahitaji kukaa katika maabara yake miezi kadhaa, aghalabu bila mshahara. Mwenye wazazi Nairobi atalala kwao na kula kwao. Aliyetoka Hadado atatafuta jamaa Eastleigh, atalipa nauli ya kila siku, na nyumbani wanamngoja aanze kutuma pesa. Alama za wawili hao zinaweza kuwa sawasawa, lakini mwisho wa mwaka mmoja ana barua mbili nzito na jina lake katika makala iliyochapishwa, na wa pili ana cheti tu. Kamati ya uteuzi inapowaweka pamoja mezani, inaona kipaji upande mmoja na upungufu upande wa pili. Kwa hakika inachokiona ni kodi ya nyumba.

Masharti ya ufadhili nayo yana ukuta wake. Muungano wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 na kuratibiwa kutoka Nairobi, umefanya kazi kubwa ya kuwasomesha Waafrika uzamifu wa afya ya umma bila kuwahamisha bara lao, nami naiheshimu kazi hiyo. Lakini umejengwa juu ya wahadhiri na watafiti walioajiriwa katika taasisi wanachama, na vyuo vikuu vya Kenya vilivyoshiriki tangu mwanzo ni Nairobi na Moi. Kigezo hicho kina mantiki: anayeajiriwa ana pa kurudi. Kwa mhitimu wa uzamili anayefanya kazi katika maabara ya hospitali ya kaunti huko Wajir, mlango huo haupo, awe na swali zuri kiasi gani.

Ukuta huu una historia, na sioni sababu ya kuizunguka. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa hoja kwamba huko ndiko zingezaa haraka. Kaskazini Mashariki iliwekwa nje ya hesabu hiyo kwa miongo mingi. Chuo kikuu cha kwanza cha umma cha eneo hili kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wakakivamia na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka uliofuata kikapata hati ya kujitegemea kama Chuo Kikuu cha Garissa. Kukifungua tu baada ya yale yaliyotokea kulihitaji ujasiri, na wahadhiri na wanafunzi waliorudi wanastahili kukumbukwa kwa hilo. Lakini mahali ambapo chuo kikuu kina umri huo, huwezi kutarajia kukuta kizazi cha maprofesa wazee wanaowaandikia vijana barua, wanaokaa katika kamati, wanaojua ni msimamizi gani atafungua milango. Kwingineko mtaji huo hurithiwa bila mtu kuuona.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu swali la nyumbani kuwa sifa ni kushusha viwango. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu shahada ya uzamifu iliyotolewa kwa huruma humdhuru kwanza aliyepewa. Ila tazama kiwango hulindwa wapi. Tasnifu hupitiwa na watahini wa ndani na wa nje. Makala hupitishwa na wasomaji wa jarida wasiojua Hadado iko wapi. Kamati ya maadili hukagua kila pendekezo la utafiti, na leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ninachotaka kiguswe. Ninachogusa ni mlango wa kuingilia, na pale mlangoni tunapima dalili za kipaji, hatupimi kazi iliyokamilika. Ikiwa dalili mojawapo inapima zaidi mahali mtu alipolala kuliko anachoweza kufikiri, kuitafutia dalili nyingine ya kuisaidia ni kunoa kipimo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wenyeji wengi hulitoa: eneo lenye uhaba wa wauguzi na madaktari linataka nini na mabingwa wa virusi? Jibu liko katika kile kilichotokea Garissa 1997. Wauguzi walikuwapo, wakawapokea wagonjwa wanaotokwa damu, bila kujua wanapambana na nini wala wajikinge vipi. Muuguzi anamhitaji mtu wa kumwambia, siku ile ile, kilichomo katika ile chupa ya damu. Na fedha za utafiti hazitoki katika mfuko unaolipa wauguzi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, kiwango ambacho serikali haijakifikia. Anayetaka kugombana juu ya fedha aanzie hapo, asimgombanishe muuguzi na mtafiti.

Kuna wanaouliza kama msomi huyo atarudi. Wengine wameondoka, na baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014 na 2015 walimu na wahudumu wa afya wengi kutoka maeneo mengine waliihama Kaskazini Mashariki, jambo ambalo hakuna haki ya kuwalaumu. Mkataba wa kurudi unaweza kumfunga mtu miaka mitatu, lakini hauwezi kumpa jokofu la kuhifadhi sampuli. Watafiti hukaa palipo na kazi ya kufanya. Kilifi ni shahidi mzuri. Mwaka 1989 mpango wa utafiti wa KEMRI na wakfu wa Wellcome wa Uingereza ulianza pale, kando ya hospitali ya wilaya, katika sehemu maskini ya Pwani isiyokuwa na chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake mwaka 2013 tu. Leo Kilifi inasomesha wanafunzi wa uzamifu kutoka kote Afrika, na mmoja wa wanasayansi wake, George Warimwe, anaongoza utengenezaji wa chanjo ya binadamu dhidi ya homa ya Bonde la Ufa, homa ile ile iliyoua Garissa. Ifakara nchini Tanzania nayo ilianza kama maabara ndogo ya uwandani ya Waswisi katika miaka ya 1950, katikati kabisa ya mashamba ya mpunga, na sasa ni taasisi ya Watanzania inayoheshimiwa duniani kwa utafiti wa malaria na mbu. Hakuna aliyengoja Kilifi au Ifakara ziwe tajiri kwanza.

Nakubali jambo moja bila ubishi. Kijana wa Hadado asifungwe kamba kwa ngamia. Akitaka kusomea saratani Heidelberg au vinasaba vya moyo Cape Town, hiyo ni haki yake, na mtu yeyote asimwambie kwamba kazi yake ni kukusanya damu ya mifugo kwa sababu baba yake alifuga. Vilevile wageni waliochunguza magonjwa yetu wamefanya kazi bora, na bila wao nusu ya takwimu nilizozitaja hapa zisingekuwapo. Hoja yangu haimtengi yeyote. Inasema kwamba ujuzi wa lugha, wa njia za kuhamia, wa nani huamua nyumbani lini mnyama achinjwe na nani hunywa maziwa ya kwanza, ni ujuzi wa kisayansi pale swali linapouhitaji, na kwamba kwa sasa fomu zetu hazina mahali pa kuuandika.

Marekebisho yenyewe si makubwa. Kamati za uteuzi za KEMRI na vyuo vikuu, na vilevile za icipe, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho kimekuwa kikisomesha Waafrika uzamifu wa sayansi ya wadudu tangu 1983, zinaweza kutenga alama za wazi kwa ubora wa swali na kwa uhusiano wa mwombaji na mahali pa utafiti, na kukubali barua ya msimamizi wa maabara ya kaunti au daktari wa mifugo aliyefanya kazi na mwombaji kuwa na uzito sawa na ya profesa. Serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziangalie basari zake upya. Fedha hizo leo hugawanywa vipande vidogo vidogo vya karo, na wazazi wana haki ya kuvitaka, lakini nafasi chache kwa kila kaunti za mwaka mmoja wa kulipiwa makazi na posho katika maabara, kati ya uzamili na maombi ya uzamifu, zingeziba pengo ambalo hakuna mfadhili wa ng'ambo anayeliona. Katiba haiombi fadhila hapa. Ibara ya 56 inaiamuru serikali iweke mipango inayowapa watu wa jamii zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu, na sijaona ikisema kwamba elimu hiyo ikomee shahada ya kwanza.

Kwa kijana anayejiandaa kuomba mwaka huu, ushauri ninaouona mara nyingi ni kwamba asome vipaumbele vya taasisi kisha avirudie kwa maneno yake. Usianzie hapo. Andika kwanza kile ambacho nyumbani kwenu hakijapata jibu, kwa lugha yoyote inayokujia, Kisomali kikiwa cha kwanza. Kisha soma makala zote zilizowahi kuandikwa juu yake, nyingi zinapatikana bure, uone zilipoishia. Ndipo umtafute msimamizi ambaye kazi yake imefika karibu na mwisho huo, umwandikie barua fupi: hili ndilo mlilolikuta, hili ndilo mlilolikosa, na hii ndiyo sababu mimi ninaweza kulifikia. Asipojibu, mwandikie mwingine. Na ninyi mtakaoketi katika kamati kuisoma barua hiyo, mkikuta humo neno sandik, msigeuze ukurasa haraka.